Galaxy Tab A9+ na iPad ya A16: vishikwambi viwili kwa jicho la msanidi programu

Tathmini hii inahusu vishikwambi viwili: Galaxy Tab A9+ ya Samsung, iliyotoka Oktoba 2023, na iPad yenye chipu ya A16, iliyotoka Machi 2025. Naiandika nikiwa msanidi wa programu za kukusanya taarifa, yaani fomu za kaya, madaftari ya wagonjwa wa zahanati na hesabu za maghala ya vyama vya ushirika. Kamera na spika zake sitazieleza sana, kwa kuwa wapo wengi waliokwisha kuzieleza vizuri. Ninachokitafuta ni kifaa ambacho msanidi akikiweka mezani kitamfichulia udhaifu wa programu yake kabla haujamkuta karani aliye kijijini, na kwa kipimo hicho naona kwamba Galaxy Tab A9+, tena katika toleo lake dogo kuliko yote, inamfaa msanidi wa kwetu kuliko iPad ambayo kwa uwezo wa kuchakata imeipita mbali.

Kazi ya vishikwambi si ya pembeni katika nchi zetu. Kenya iliwahesabu watu wake kwa vifaa hivi Agosti 2019. Tanzania ilifanya vivyo hivyo katika sensa ya Agosti 23, 2022, na baada ya hapo vishikwambi vya sensa vikagawiwa walimu. Kabla ya sensa hizo mbili, mkoani Tanga kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE, ambamo watoto wa vijijini walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa kutumia vishikwambi vya Pixel C. Zawadi yake kuu ya dola milioni 10 iligawanywa Mei 2019 kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion. Pamoja na historia hiyo yote, programu nyingi tunazoziandika bado zinabuniwa kwa ajili ya simu inayoshikwa kwa mkono mmoja, kisha zinapelekwa kwenye kioo cha inchi 11 zikiwa zimetandazwa tu.

Nianze na Galaxy Tab A9+. Kioo chake ni cha LCD cha inchi 11 chenye pikseli 1920 kwa 1200, na hujichora upya hadi mara 90 kwa sekunde. Prosesa yake ni Snapdragon 695, ambayo ni ya daraja la kati. Toleo dogo lina RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na toleo kubwa lina GB 8 na GB 128. Yote mawili yanapokea kadi ya microSD. Lipo pia toleo linalopokea laini ya simu na kufikia mtandao wa 5G. Ilipoingia sokoni Marekani, toleo dogo liliuzwa kwa dola 219.99. Bei za Kariakoo, Dar es Salaam, na za Luthuli Avenue, Nairobi, ni nyingine, kwa kuwa ushuru, usafirishaji na faida ya muuzaji huongezwa humo.

Jambo la kwanza ambalo kioo hiki humfundisha msanidi ni upana. Chukua fomu ya kawaida ya kaya: jina la mkuu wa kaya, umri, idadi ya watoto, chanzo cha maji, na chini yake kitufe cha «Hifadhi». Kwenye simu fomu hiyo inapendeza. Ifungue hiyo hiyo kwenye Tab A9+ iliyolazwa, na utaona kisanduku cha umri, ambacho kinahitaji tarakimu mbili tu, kimeenea kutoka ukingo hadi ukingo, lebo yake ikiwa kushoto kabisa na alama ya kosa ikiwa kulia kabisa, mbali kiasi kwamba jicho haliviunganishi. Kitufe cha «Hifadhi» kimekuwa ubao mrefu wa rangi. Nusu ya chini ya kioo imefunikwa na kibodi, na swali ambalo karani analijibu limejificha nyuma yake. Hakuna kilichoharibika kwa maana ya programu kuanguka, na ndiyo maana kasoro za aina hii hupita majaribio yote ya kimashine bila kuonekana.

Dawa yake inajulikana na haina gharama. Google imegawa upana wa dirisha katika madaraja, na mipaka miwili ya kuikumbuka ni dp 600 na dp 840 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye kioo, kisichotegemea wingi wa pikseli). Chini ya 600 panga mambo kama kwenye simu, kati ya 600 na 840 anza kutumia nafasi ya pembeni, na kuanzia 840 weka orodha upande mmoja na maelezo upande wa pili. Kwa fomu ya kaya, orodha ya kaya hukaa kushoto, maswali hukaa kulia, na visanduku hupewa upana wa juu ambao havivuki hata kioo kiwe kikubwa namna gani. Anayetumia Jetpack Compose, zana ya kuchora kurasa za Android, atapata ListDetailPaneScaffold ikiwa tayari kwa kazi hiyo, na anayetumia Flutter, zana ya kuandika programu moja kwa mifumo mingi, atajenga vivyo hivyo kwa LayoutBuilder. La msingi ni kupima dirisha ambalo programu imepewa, wala si kuuliza kama kifaa ni simu au kishikwambi, kwa sababu Tab A9+ inaruhusu kioo kugawanywa kati ya programu kadhaa, na ina DeX, ambayo huzifungua programu katika madirisha yanayovutwa kama kwenye kompyuta. Mtumiaji akiligawa dirisha mara mbili, programu yako imeshuka daraja ingawa kifaa ni kile kile.

Wapo wasanidi wanaolikwepa suala hili kwa kuifunga programu isimame wima daima. Njia hiyo sasa inazibwa. Kuanzia Android 16, iliyotolewa Juni 2025, programu iliyolengwa API 36 (namba ya toleo la Android ambalo programu imeandikwa kulifuata; 36 ndiyo Android 16) ikifunguliwa kwenye kioo ambacho upande wake mfupi unafikia dp 600, mfumo haujali tena maagizo ya kuizuia isigeuke au isibadilishwe ukubwa. Michezo imesamehewa, na msanidi amepewa kibali cha muda cha kuiepuka sheria hiyo, lakini kibali chenyewe kinaondolewa katika API 37. Google Play nayo hupandisha kila mwaka kiwango cha API inachokikubali, na mwisho wa Agosti 2025 kilikuwa 35. Kwa hiyo kwa msanidi mwenye programu sokoni, kununua kishikwambi cha kujaribia ni maandalizi ya jambo ambalo tarehe yake inakaribia. Google imekuwa ikilisukuma suala la vioo vikubwa tangu Android 3.0 ya Februari 2011, toleo lililotengenezwa kwa ajili ya vishikwambi na lililoleta Fragment, yaani kipande cha ukurasa kinachoweza kupangwa peke yake, na ikarudi kwa nguvu mpya na Android 12L mwaka 2022. Safari hii haiombi tena.

Programu isiyofungwa wima itageuzwa, na hapo ndipo kasoro ya pili hujitokeza. Kifaa kikigeuzwa, Android kwa kawaida huiharibu Activity iliyopo, yaani ukurasa wa programu unaoonekana, na kuijenga upya, na majibu yaliyokuwa yamewekwa ndani ya Activity hiyo hupotea. Simu hugeuzwa mara chache katikati ya kazi. Kishikwambi hugeuzwa kila mara: karani anakiweka mapajani kikiwa kimelala ili achape, anakisimamisha ili amwonyeshe mwenye nyumba alichoandika, kisha anakilaza tena. Kuyaweka majibu katika ViewModel, sehemu ya programu inayobaki hai Activity inapojengwa upya, kunatibu kugeuka, lakini tiba hiyo haitoshi kwa jambo la tatu, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikipende kifaa hiki.

Jambo lenyewe ni RAM ya GB 4. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo huchukuliwa na mfumo wenyewe pamoja na huduma zake, na kinachobakia kinagombewa na programu zilizofunguliwa. Tuseme fomu yako ina swali linalotaka picha ya kitambulisho au ya nyumba. Programu yako inaiita kamera, kamera inachukua nafasi kubwa, na mfumo, ukihitaji kumbukumbu, unaiua programu iliyoko nyuma, ambayo kwa wakati huo ni ya kwako. Karani anapiga picha, anarudi, na anakuta programu imeanza upya: maswali ishirini yaliyokwisha kujibiwa yamefutika, na aliyeyajibu ameshainuka kwenda shambani. Kwenye simu ya msanidi yenye GB 12 jambo hili ni nadra kutokea, na ripoti ya karani inapofika, msanidi anaapa kwamba kwake inafanya kazi. Anasema kweli, na karani naye anasema kweli. ViewModel hufa pamoja na programu. Kinachookoa ni kuliandika kila jibu kwenye hifadhidata, kwa mfano kupitia Room, mara tu linapotolewa, na kuhifadhi kwa SavedStateHandle ile alama ndogo inayosema karani yuko kwenye kaya ipi na swali lipi, ili programu ikifufuliwa imrudishe pale pale.

Kasoro hiyo unaweza kuiita mwenyewe bila kuisubiri. Peleka programu nyuma, kisha kutoka kwenye kompyuta tumia amri ya adb shell am kill ikifuatwa na jina la kifurushi, na uirudie programu kutoka orodha ya zilizofunguliwa karibuni. Lipo pia chaguo la wasanidi linaloiamuru Android iiharibu kila Activity mara mtumiaji anapoiacha. Mbinu zote mbili zinafaa, lakini haziigi mpangilio halisi wa matukio kama kishikwambi chenye GB 4 kilichojazwa WhatsApp, kivinjari na kamera. Kwa sababu hiyo, anayenunua kwa ajili ya kujaribia programu namshauri achukue toleo la GB 4, na anayewanunulia makarani namshauri achukue la GB 8. Najua ushauri huo unapishana, lakini msanidi anahitaji kifaa kinachoziudhi programu zake, na karani anahitaji kinachozivumilia.

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni kwa nini usitumie kishikwambi cha kuigizwa ndani ya Android Studio, zana ya kompyuta ya kutengenezea programu za Android. Kitumie, hasa kile cha ukubwa unaobadilika, kwa kuwa kinakuonyesha mipaka ya 600 na 840 kwa haraka. Hata hivyo, kompyuta mpakato yenye GB 8 za RAM huanza kuhema inapoendesha Android Studio, Gradle (chombo kinachoijenga programu) na kifaa cha kuigizwa kwa pamoja, na kishikwambi halisi kinaipunguzia mzigo huo. Tangu Android 11 unaweza kukiunganisha na kompyuta kwa Wi-Fi bila waya, jambo linalokuwezesha kumpa mtu akishike na kutembea nacho huku wewe ukisoma kumbukumbu za matukio kwenye kompyuta. Vidole vya mtu mwingine, akiwa amesimama, hugusa mahali ambapo kipanya chako hakijawahi kufika.

Kioo cha LCD kwenye jua la saa saba mchana kinasomeka kwa shida, na hapo kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi wanakipenda, hakionekani kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kwa kazi ya nje mimi huvuka hapo, na huandika kwa herufi nyeusi juu ya usuli mweupe bila aibu. Kuhusu umeme, betri ni ya mAh 7040 na chaji yake haizidi wati 15, kwa hiyo hata kwa hesabu ya karatasi inachukua karibu saa mbili kujaa, na mahali panapotegemea sola inachukua zaidi. Huo ndio udhaifu wake ninaouona kuwa mzito kuliko mingine. Kwa msanidi maana yake ni kwamba kutuma taarifa kila dakika ni ubadhirifu. Mwachie WorkManager, mratibu wa kazi za nyuma wa Android, akusanye fomu na kuzituma kwa mkupuo mtandao unapopatikana, na picha kubwa zisubiri hadi kifaa kiwe kwenye chaji.

Sasa iPad ya A16. Kioo chake kina pikseli 2360 kwa 1640, nafasi yake inaanzia GB 128, na ilitangazwa kwa dola 349 huko Marekani. Kwa kasi hailinganishwi na Tab A9+: orodha ya kaya elfu kadhaa iliyopangwa kizembe, ambayo kwenye Snapdragon 695 itakwamakwama, kwenye A16 itateleza kana kwamba hakuna tatizo. Kwa mtumiaji hiyo ni neema. Kwa msanidi ni pazia, kwa sababu uzembe wake hauonekani. Ipo pia kasoro moja ambayo mnunuzi wa kazi za nje lazima aijue mapema: iPad ya Wi-Fi peke yake haina GPS. Hukisia mahali ilipo kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, na kijijini ambako mitandao hiyo haipo, swali linalotaka majira ya nukta ya nyumba halitapata jibu la maana. Toleo linalopokea mtandao wa simu ndilo lenye GPS, na bei yake imepanda ipasavyo.

Upande wa kuprogramu, iPad ina jambo ambalo Tab A9+ haina. Tangu toleo la 4 la Swift Playgrounds, programu ya Apple ya kuandikia msimbo, la Desemba 2021, mtu anaweza kuandika programu kwa SwiftUI, zana ya Apple ya kuchora kurasa, kuijaribu na kuituma App Store akiwa kwenye iPad yenyewe. Kwa mwanafunzi asiye na kompyuta hilo ni jambo kubwa, na ninalisema kwa heshima, maana Android Studio haiendeshwi kwenye kishikwambi cha Android. Lakini programu ya kazi, yenye maktaba nyingi za msimbo, majaribio ya kimashine na timu ya watu kadhaa, itahitaji Xcode, zana kuu ya Apple ya kutengenezea programu, na Xcode haipatikani kwenye iPad wala kwenye Windows. Maana yake ni kwamba bei halisi ya kuingia upande huo ni iPad pamoja na Mac, na juu yake dola 99 kila mwaka za uanachama wa wasanidi, wakati Google Play hutoza dola 25 mara moja tu.

iPadOS 26, ya Septemba 2025, iliruhusu madirisha yanayovutwa kwa ukubwa wowote hata kwenye iPad hii ya kawaida, na Apple imeanza kuliacha lile tamko ambalo programu ilikuwa ikilitumia kudai kioo kizima. Yaani kampuni zote mbili, ndani ya mwaka mmoja, zimemwondolea msanidi mamlaka ya kuamua umbo la dirisha. Aliyejenga kwa NavigationSplitView, mpangilio wa Apple wa orodha na maelezo, na kuziheshimu size class, yaani madaraja ya ukubwa ya Apple, ambazo zipo tangu iOS 8, hana kazi kubwa ya kufanya. Aliyeandika vipimo kwa pikseli atapata kazi ya miezi.

Kuhusu kuwapelekea wajaribu programu, Apple ni mkarimu zaidi: TestFlight, huduma yake ya kusambaza matoleo ya majaribio, inaruhusu hadi wajaribu 10,000 wa nje, na kila toleo hudumu siku 90. Google Play, kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023, inadai wajaribu wasiopungua 12 wanaobaki kwenye jaribio kwa siku 14 mfululizo kabla programu haijaruhusiwa kutolewa kwa umma. Awali idadi hiyo ilikuwa 20, ikapunguzwa Desemba 2024. Akaunti za taasisi haziguswi na sharti hilo, kwa hiyo msanidi anayefanya kazi na chama cha ushirika au shirika lililosajiliwa afungue akaunti kwa jina la taasisi. Anayeanza peke yake awatafute wajaribu wake mapema, na wawili au watatu kati yao wawe na vishikwambi, kwani kikundi chote kikiwa na simu, hakuna atakayekiona kile kisanduku cha umri kilichoenea kioo kizima.

Nikiwa na fedha za kifaa kimoja, ningechukua Galaxy Tab A9+ ya GB 4 inayopokea laini ya simu, kwa sababu kupotea kwa mtandao katikati ya kutuma fomu ni jaribio ambalo Wi-Fi ya ofisini haiwezi kukupa. Kifaa cha pili kingekuwa iPad, na ningekinunua tu baada ya kupata mteja anayetaka programu yake iwe App Store, nikihakikisha kwamba Mac imeshapatikana na kwamba toleo ninalolipia lina GPS.